Boti Iliyokuwa Ikila Mikanda ya Supachaja

Mkanda wa kwanza ulikatika. Wa pili uliruka kwenye puli ukiwa umepoteza mbavu mbili, kati ya zile zinazokaa ndani ya mifereji ya puli. Wa tatu haukukatika wala kuruka. Ulipiga kelele, boti ikawa nzito kuinuka, na ulipofunguliwa mbavu zake zilikuwa zimelika hadi kubaki ncha. Yote mitatu iliondoka ndani ya msimu mmoja, kwenye injini ambayo mkanda wake wa awali ulidumu miaka minne bila kumsumbua mtu. Kwenye daftari la boti, kila mara liliandikwa neno lilelile: "Mkanda mbovu. Umebadilishwa."

Boti yenyewe ni ya mfano. Imeunganishwa kutokana na kasoro zinazotokea kweli kwenye injini za namna hii, na vipimo vilivyotajwa ni vyake. Nimeiweka hivyo kwa sababu ni nadra kasoro zote hizi kukutana mahali pamoja zikiwa wazi, ilhali moja huizaa nyingine kwa mtiririko ambao ukiufahamu hutausahau ukiinama tena juu ya injini.

Injini na kazi ya mkanda wake

Ni boti ya kazi ya mita 10, ya aina inayopanda juu ya maji ikishika kasi. Ina injini moja ya dizeli ya silinda 6, yenye turbo na supachaja kwa pamoja, vyote vikiwa vifaa vya kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Wapo wanaodhani kuweka vyote viwili ni anasa. Siyo. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi, na injini ikiwa chini moshi huo ni mchache, hivyo turbo huwa bado imelala. Boti ya kupanda juu ya maji huhitaji nguvu nyingi hasa wakati huo, inapousukuma mlima wa maji ulio mbele yake kabla haijainuka. Supachaja haisubiri moshi. Inazungushwa na kranki, shafti kuu ya injini, kwa mkanda, na hewa hufika kwenye silinda tangu mwanzo.

Katika boti hii, klachi ya sumaku huishika supachaja kuanzia kama mizunguko 1,500 kwa dakika nahodha anaposukuma mkono wa mafuta, na kuiachia kwenye 2,600. Ikishaachiwa, valvu ya pembeni hufunguka, hewa hupita bila kugusa rota (sehemu za ndani ya supachaja zinazosukuma hewa), na turbo hubeba kazi yote iliyobaki.

Kuna jambo hapa ambalo mafundi wengi wa magari hulipita wanapoingia kwenye boti. Klachi ikiachia, kinachosimama ni rota za supachaja tu. Puli inaendelea kuzunguka, na beringi yake inaendelea kuvutwa na mkanda kwa nguvu ileile uliyoikaza, saa zote injini inapofanya kazi. Supachaja inaweza kuwa imepumzika robo tatu ya safari. Beringi ya puli haikupumzika hata dakika moja.

Mkanda ni wa aina ya 8PK: mbavu 8, kila moja ikiwa milimita 3.56 kutoka kwa mwenzake, upana wa kama milimita 28.5. Mvuto hubebwa na nyuzi zilizozikwa mgongoni mwa mkanda, na mpira ni wa sintetiki, unaoitwa EPDM. Mikanda ya zamani ilipochoka ilipasuka nyufa, na mafundi walizoea kuhesabu nyufa. EPDM haipasuki kirahisi. Inapungua. Mbavu hukonda taratibu, mkanda unazama zaidi ndani ya mifereji ya puli, mpaka kilele cha ubavu kinagusa chini ya mfereji na kule kubanwa pande mbili, ambako ndiko kunakoshika, kunapotea. Kwa hiyo kauli ya "hauna ufa hata mmoja, bado mzima" haina uzito tena kwa mkanda wa siku hizi. Uupime kina kwa geji ya mbavu, au uulinganishe na mpya.

Kusoma mikanda iliyokufa

Kwa bahati, mikanda mitatu ya zamani haikutupwa. Ilikuwa ndani ya ndoo chini ya benchi. Nawashauri wote wanaoshughulika na injini hizi wasitupe mkanda wa zamani mpaka ule mpya uwe umeuzidi umri.

Wa kwanza, uliokatika, ulikuwa na kuta za mbavu zinazong'aa, ngumu kuguswa kwa ukucha. Hiyo ni alama ya joto la kuteleza. Nyuzi zilikuwa zimekatika karibu zote mahali pamoja, baada ya mpira kuiva na kuacha kuzishika.

Wa pili ulikuwa na hadithi tofauti kabisa. Kuta za mbavu sita zilikuwa za kawaida. Mbavu mbili za upande wa mbele wa injini zilikuwa zimenyofoka, na ukingo wa upande huohuo ulikuwa na nyuzi zinazoning'inia. Mkanda unaoliwa upande mmoja haulalamiki juu ya mkazo wala mzigo. Unasema puli haziko kwenye mstari.

Wa tatu haukung'aa. Kuta zake zilikuwa zimefifia, zina mikwaruzo midogo, na vumbi lililobaki kati ya mbavu lilikuwa na wekundu. Vumbi la mkanda ni jeusi. Wekundu ule ni kutu.

Vifo vitatu, sababu tatu, na dawa iliyotolewa ikawa moja: mkanda mpya. Hata hivyo hazikuwa ajali tatu zilizopangana kwa nasibu. Tarehe za daftari zilionyesha kwamba kila kifo kilifuata hatua iliyochukuliwa kutibu kile kilichotangulia.

Tone

Chini ya pampu ya maji chumvi kulikuwa na mstari mweupe wa chumvi iliyokauka, ukishuka kwenye kifuniko cha mbele cha injini hadi karibu na puli ya kranki. Pampu za aina hii zina sili mbili kwenye shafti: moja huzuia maji, nyingine huzuia oili. Kati yake kuna tundu dogo la kuvujia. Kazi ya tundu ni kusema. Sili ya maji ikichoka, maji yanatoka nje kupitia hapo, uyaone, badala ya kupenya hadi kwenye oili ya injini. (Wapo wanaoliziba kwa silikoni ili "lisivuje". Anayefanya hivyo amechagua maji chumvi ndani ya oili badala ya maji chumvi sakafuni.)

Pampu ilikuwa imefanyiwa matengenezo mwanzoni mwa msimu: impela mpya (gurudumu la ndani linalosukuma maji), sili mpya. Hilo ndilo lililowapumbaza wote, kwa kuwa nani atashuku sili mpya? Lakini shafti ilikuwa ileile ya zamani. Mdomo wa sili, ukikaa miaka juu ya shafti, huchimba mfereji mwembamba unaoweza kuusikia kwa ukucha. Sili mpya iliingizwa hadi pale pale ilipokaa ya zamani, mdomo wake ukaangukia ndani ya mfereji huo, na ikaanza kuvuja baada ya saa chache za kazi. Haikuvuja sana. Tone, kisha tone.

Puli ya kranki hailiachi tone lidondoke sakafuni. Inalirusha. Katika mizunguko 2,000, ukingo wa puli ya milimita 180 unakwenda karibu mita 19 kwa sekunde, na tone likigusa hapo linakuwa ukungu unaotanda sehemu yote ya mbele ya injini. Mkanda ulilowa kila boti ilipowashwa. Ulipolowa uliteleza, ulipoteleza ukachemka, na maji yalipokauka yaliacha chembe za chumvi ndani ya mifereji. Hicho ndicho kifo cha kwanza.

Kwa nini hakuna aliyeona maji? Kwa sababu injini ikiwa moto ukungu hukauka kabla kifuniko cha chumba cha injini hakijafunguliwa, na injini ikiwa baridi na imezimwa, pampu haivuji. Kilichobaki kuonekana ni mstari mweupe, na mstari mweupe kwenye injini ya boti kila mtu ameshauzoea.

Dawa iliyoongeza ugonjwa

Mkanda wa pili ulipofungwa, kelele za kuteleza zilirudi baada ya muda mfupi, maana tone lilikuwepo bado. Nahodha akasema, "Fundi, unalia tena." Fundi akafanya kile ambacho wengi wangefanya: alikaza. Injini hii hukazwa kwa bolti, haina kikaza mkanda cha springi, kwa hiyo hakuna kinachomzuia mtu asizidishe. Kelele zikapungua. Kila mtu akaridhika.

Kuna jaribio la dakika moja ambalo lingeokoa kazi hiyo. Injini ikiwa silensa (ikizunguka polepole bila kusukumwa mafuta) na mkanda unapiga kelele, nyunyiza maji safi kidogo kwenye upande wenye mbavu kwa chupa ya kupulizia, mkono ukiwa mbali na nguo zikiwa zimefungwa vizuri. Kelele ikinyamaza kwa muda kisha ikarudi, tatizo ni mstari wa puli. Ikizidi, mkanda unateleza: umelegea, umepakaa kitu, au kuna kitu unachokizungusha kimekuwa kizito. Hapa kelele ingezidi, na swali la kwanza lingekuwa ni nini kinachoulowesha mkanda kabla ya swali la mkazo.

Mkazo uliozidi haukuuvunja mkanda. Ulikwenda kwenye beringi ya puli ya klachi, ile isiyopumzika. Beringi hiyo tayari ilikuwa inanyonya ukungu wa chumvi, na sasa ilivutwa upande mmoja kwa nguvu ambayo haikutengenezewa. Ikalegea. Puli ikaanza kuinama kuelekea kule inakovutwa.

Jambo lililomfanya fundi wa pili akose kuiona kasoro hii ni zuri kulitazama kwa makini. Alishuku mstari wa puli, na alikuwa sahihi. Akaondoa mkanda, akaweka rula ya chuma kwenye uso wa puli ya kranki na ya supachaja, akakuta ziko sawasawa. Akaandika kwamba mstari ni mzuri. Lakini bila mkanda hakuna kinachoivuta puli, na beringi iliyolegea inaiacha irudi mahali pake. Mkanda uliporudishwa na kukazwa, puli ileile iliinama kama digrii 1. Mkanda wa mbavu huvumilia takriban theluthi moja ya digrii, yaani kama milimita 6 kwa kila mita ya umbali kati ya puli. Mara tatu ya kiasi hicho, ukingo wa mbele ulibeba mzigo wa mkanda mzima, na mbavu mbili zikanyofoka.

Basi mstari wa puli hupimwa mkanda ukiwa umekazwa, kwa rula ndefu au kwa kifaa cha leza kinachokaa kwenye mifereji. Bila mkanda hupimwa kitu kingine: kila puli ishikwe kwa mkono juu na chini, itikiswe, kisha izungushwe taratibu huku ukisikiliza. Ile ya supachaja ilicheza waziwazi na ilikwaruza. Sekunde kumi tu za kazi.

Usisahau puli ya kranki yenyewe. Katika injini nyingi za silinda 6 puli hii ina pete ya nje iliyoshikwa na mpira kwenye kitovu, ili imeze mtetemo wa kranki. Mpira huo ukiachia, pete inaweza kuteleza au kutembea mbele na nyuma bila bolti yoyote kulegea. Piga mstari mmoja wa rangi kutoka kitovuni hadi kwenye pete. Mstari ukikatika baada ya safari, umeshaijua kasoro. Katika boti hii mstari haukukatika.

Boti ilisimama majuma kadhaa ikisubiri mkanda wa tatu, na chumvi iliyobaki kwenye puli ya kranki ikafanya kazi yake. Mifereji ikapata kutu, na kutu ikageuka msasa. Mkanda mpya ukafungwa juu ya msasa huo, tena safari hii ukalegezwa kwa kuogopa yaliyoupata wa pili. Kulegea na kutu kwa pamoja: ukateleza, ukasagwa, ukatoa vumbi jekundu. Huo ndio wa tatu.

Kuteleza kunapimwa, hakukisiwi

Kabla ya mkanda wa tatu kufunguliwa, kipimo kimoja kilichukuliwa ambacho ningependa kizoeleke. Alama ndogo ya karatasi inayong'aa ilibandikwa kwenye puli ya kranki, nyingine kwenye puli ya supachaja, na ya tatu kwenye sahani ya klachi inayozunguka pamoja na rota. Kisha, boti ikiwa safarini na mzigo wake wa kawaida, mizunguko ilisomwa kwa takometa ya mwanga, mpimaji akiwa amesimama mbali na sehemu zinazozunguka.

Kwanza klachi ikiwa imeachishwa kwa makusudi, puli ikizunguka bure. Kranki 2,000, puli ya supachaja 4,800. Uwiano wa 2.4, ambao ndio unaotarajiwa kwa puli za milimita 180 na 75. Halafu klachi ikiwa imeshika na supachaja inasukuma hewa: kranki 2,000, puli 4,510. Upungufu wa asilimia 6. Mkanda mzima wa aina hii hupoteza asilimia 1 au 2 hivi chini ya mzigo. Asilimia 6 ni kuteleza.

Sahani ya klachi nayo ilisoma 4,510. Maana yake klachi ilikuwa inashika sawasawa. Ingekuwa puli inasoma vizuri na sahani iko chini, tungeacha mkanda na kwenda kwenye umeme wa koili na mwanya wa sahani, kwa sababu klachi inayopata umeme hafifu huteleza, hupata moto, na moto huo hukausha grisi ya beringi iliyo jirani. Kosa la namna hiyo huua mkanda baadaye bila kuonekana limeugusa.

Tufanye hesabu ndogo ya asilimia 6. Tuseme supachaja inadai kilowati 10 katika mwendo huo. Mkanda unakwenda karibu mita 19 kwa sekunde, hivyo tofauti ya mvuto kati ya upande uliokazika na uliolegea ni kama nyutoni 530. Asilimia 6 ya kilowati 10 ni wati 600, zote zikigeuka joto pale mpira unapogusana na puli ndogo. Ni kama kuiwasha pasi na kuiegemeza kwenye mkanda kwa muda wote supachaja inapofanya kazi. Mpira wowote utaiva.

Jaribio hili halifanyiki boti ikiwa imefungwa gatini, injini iko huru. Bila mzigo supachaja haidai nguvu ya kutosha, mkanda hauna sababu ya kuteleza, na utaondoka ukiwa na majibu mazuri ya uongo.

Safari nzima ndani ya eneo la supachaja

Hadi hapo ungeweza kusema kisa kimekwisha: pampu, beringi, puli, mkanda. Lakini takometa ilionyesha kitu kingine. Mkono wa mafuta ukiwa mwisho, injini ilifika mizunguko 3,450, ilhali imepangiwa 3,800. Injini isiyofika mizunguko yake ya juu mara nyingi imebebeshwa mzigo uliozidi. Chini ya boti kulikuwa na mwani na magamba ya viumbe wa baharini, na propela ilikuwa na pichi (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) iliyofaa boti ilipokuwa nyepesi zaidi, kabla ya matangi na vifaa kuongezwa.

Matokeo yake kwa mkanda ni haya. Nahodha alizoea kutembea kwenye 2,500, kwa kuwa juu ya hapo injini ilitoa moshi mweusi na mafuta yaliliwa sana. Na 2,500 ni chini kidogo tu ya pale supachaja inapoachiwa. Kifaa kilichotengenezwa kusaidia kwa sekunde kadhaa hadi dakika chache kilikuwa kinafanya kazi safari nzima. Tena wimbi likiisukuma boti kutoka nyuma, mizunguko ilipanda juu ya 2,600, klachi ikaachia. Wimbi likipita, ikashuka, klachi ikashika. Kila inaposhika, rota zinatolewa kwenye kusimama hadi kufikia maelfu ya mizunguko kwa muda mfupi mno, na mshtuko wote huo unapita kwenye mkanda.

Hapa maoni hutofautiana. Wapo watakaosema chanzo kikuu ni mzigo, na tone lilikuwa nyongeza. Mimi naliweka tone mbele, kwa hoja moja: mkanda wa awali uliishi miaka minne, na sehemu ya miaka hiyo boti ilikuwa tayari nzito. Mzigo ulifupisha muda kati ya kifo kimoja na kingine. Haukukianzisha. Lakini ungeziba tone tu na kuacha propela ileile, mkanda wa nne usingefika miaka minne.

Matengenezo

Shafti ya pampu ilibadilishwa pamoja na sili zote mbili, na tundu la kuvujia likasafishwa kwa waya mwembamba ili liweze kusema siku nyingine. Pale ambapo shafti mpya haipatikani, sili inaweza kukalishwa milimita moja au mbili kando ya mfereji wa zamani ikiwa nafasi ipo. Beringi ya puli ya klachi ikabadilishwa.

Puli ya kranki ilikuwa na kutu iliyochimba. Kutu ya juujuu huondolewa kwa brashi ya nailoni na mafuta ya kusafishia, kisha puli inafutwa hadi ikauke kabisa. Msasa na brashi ya waya visiingie mifereji, maana mikwaruzo yake itaendelea kula mkanda kama kutu ilivyokula. Iliyochimbika haina dawa, ikawekwa mpya. Kwa mifereji ya puli ya alumini ya supachaja, mkanda mpya ulilazwa ndani yake kuona kama unazama kupita ule ukingo. Haukuzama.

Bati dogo lilifungwa chini ya pampu, likielekeza tone lolote la siku zijazo pembeni ya puli. Si kinga ya kuvuja, ni kinga ya mkanda wakati wa kuvuja.

Mkanda wa nne uliingizwa kwa mkono baada ya kulegeza bolti ya kukazia hadi mwisho. Kuupandisha kwa bisibisi kunavunja nyuzi ndani bila alama yoyote nje, na mkanda hukatika majuma kadhaa baadaye mtu akiwa ameshasahau. Dawa za kupulizia za "kushikisha" mkanda hazikutumika. Zilitengenezwa kwa mikanda ya enzi nyingine. Kwenye mkanda wa mbavu hunasa vumbi na kuficha kelele ambayo ndiyo ushahidi wako.

Mkazo ulipimwa kwa mlio. Sehemu ndefu ya mkanda iliyo huru ikigongwa kidogo hutetemeka kwa marudio fulani, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde (hezi), na simu yenye programu ya kusoma sauti inatosha kuyapima. Kitu cha kukumbuka ni kwamba mkazo hufuata mraba wa marudio. Marudio yakishuka asilimia 10, mkazo umeshuka karibu asilimia 19. Ndiyo maana kidole hakifai kwa mkanda wa supachaja: tofauti ambayo kidole hakiisikii ni sehemu moja ya tano ya mkazo wote. Thamani yenyewe ichukuliwe kwenye kitabu cha injini. Kabla ya kusoma, kranki ilizungushwa mizunguko miwili kamili ili mbavu zikae kwenye mifereji.

Mkanda mpya unaokazwa kwa bolti hupoteza sehemu ya mkazo katika saa za mwanzo, mbavu zikijitengenezea nafasi. Basi ulipimwa tena baada ya safari ya kwanza ya kazi, injini ikiwa imepoa, ukakazwa kurudi kwenye thamani ya mkanda uliotumika, ambayo huwa chini ya ile ya mkanda mpya. Kuurudisha kwenye thamani ya mkanda mpya ni kurudia kosa la mkanda wa pili.

Boti ilipandishwa, chini ikasafishwa, na propela ikabadilishwa kwa yenye pichi ndogo kwa inchi 1. Mizunguko ya juu ikafika 3,780. Nahodha sasa anatembea kwenye 2,900, turbo ikiwa macho na supachaja imeachiwa, na anapita eneo la 1,500 hadi 2,600 bila kukaa humo. Hili lilimhitaji azoee kidogo. Sikio lake lilikuwa limekubali mlio wa supachaja kuwa mlio wa kawaida wa boti.

Jambo moja zaidi lilibadilika kwenye utunzaji. Mafuta ya kuzuia kutu yalikuwa yanapuliziwa injini nzima kila boti inapolazwa, mkanda ukiwemo. EPDM haielewani na mafuta: huvimba na kulainika. Sasa mkanda na puli hufunikwa kwa plastiki kabla ya kupulizia, na sehemu ya mbele ya injini hufutwa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi ikiwa imezimwa na imepoa. Mkanda wa akiba umelazwa kwenye mfuko wake, haukutundikwa kwenye msumari, mbali na dizeli na mbali na injini.

Baada ya saa 100 za kazi, takometa ilirudiwa. Kranki 2,000, puli 4,745 chini ya mzigo. Upungufu wa karibu asilimia 1. Kuta za mbavu ni nyeusi zisizong'aa, kingo zimekamilika pande zote mbili, na hakuna vumbi jekundu. Daftari lina safu mbili mpya, moja ya marudio ya mkanda na moja ya uwiano wa mizunguko.

Limebaki ombi la mwenye boti. Ameridhika na jinsi boti inavyoinuka, na anauliza kama puli ya supachaja inaweza kuwekwa ndogo zaidi, milimita 70 badala ya 75, ili boti iinuke haraka zaidi. Rota zingeongeza kasi kwa asilimia 7 na mkanda ungedaiwa nguvu kubwa kuliko sasa, huku ukipewa sehemu ndogo zaidi ya kushikia. Njia pekee ya kuuzuia usiteleze ingekuwa kuukaza zaidi, na mkazo huo ungekwenda kwenye beringi ileile ya klachi. Jibu alilopewa ni hapana, na puli ya milimita 75 imebaki.